Atazoea Mwenyewe: Kauli Inayowakwamisha Watumiaji wa Viti Mwendo

Kiti mwendo cha kusukuma kwa mikono ni chombo cha usafiri chenye dereva mmoja, naye ni yule aliyekikalia. Nyuma kina magurudumu mawili makubwa yenye ringi za pembeni za kushikia na kusukumia. Mbele kina mawili madogo yanayojigeuza kufuata mwelekeo. Anayekianza ana mengi ya kujifunza: kusukuma na kusimama, kugeuka mahali finyu, kupanda na kushuka mwinuko, kuvuka kizingiti, kuhama kutoka kitini kwenda kitandani au chooni, kuyapumzisha makalio, kuanguka bila kuumia shingo, kuinuka tena, na kukitunza kiti chenyewe. Stadi hizo hufundishika na hupimika. Chuo Kikuu cha Dalhousie, katika mji wa Halifax nchini Kanada, kina programu nzima ya stadi za viti mwendo iliyoongozwa kwa miaka mingi na daktari R. Lee Kirby, yenye mwongozo wa walimu na mtihani wake. Majaribio yaliyofanywa huko, ya kulinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, yalionyesha kwamba waliofundishwa huwapita wenzao.

Hata hivyo, maoni yaliyotawala Afrika Mashariki, kuanzia wodini hadi kwenye hema la mgeni rasmi wa hafla ya kugawa viti, ni kwamba hapa hakuna somo. Yakielezwa kwa haki, maoni hayo yanasema hivi. Viti ni ghali na wanaovihitaji ni wengi, basi kila shilingi ya ziada inunue kiti kingine badala ya kulipia darasa. Mwenye kiti atakizoea kwa kukitumia. Akishindwa, ana ndugu na majirani, kwani jamii za Kiafrika hazimwachi mtu njiani. Tena barabara zenyewe ni mchanga, mitaro na mawe, kwa hiyo ufundi unaoonekana kwenye video za Ulaya hauna pa kutumika. Na hata ungekuwapo utashi, walimu wako wapi?

Hoja hizo zina sura ya busara na husemwa na watu wema. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba haziwezi kukaa chumba kimoja. Kama mtu atazoea mwenyewe, ndugu wa kumsukuma ni wa nini? Kama barabara hazipitiki, kiti kimetolewa cha nini? Na kama hakuna cha kufundisha, kwa nini pawe na kilio cha kukosa walimu? Lakini kila moja inastahili kujibiwa peke yake.

Kwanza: "Atazoea mwenyewe"

Ni kweli mtu huzoea. Swali ni huzoea nini. Asiyefundishwa huzoea kusukuma kwa vipigo vifupi vya harakaharaka: mkono hushika ringi juu kabisa, huisukuma kidogo, kisha huirudia upesi kabla gurudumu halijafaidi msukumo. Kiti husogea, kwa hiyo kila anayetazama huridhika. Mwongozo wa kuhifadhi mikono ya watu walioumia uti wa mgongo, uliotolewa Marekani mwaka 2005, unaagiza kinyume chake: msukumo mrefu na laini, kisha mkono uachwe ushuke chini ya ringi na kurudi nyuma kwa utulivu, ili idadi ya misukumo ipungue. Sababu yake ni bega. Bega la binadamu liliumbwa kwa kufikia vitu, halikuumbwa kwa kubeba mwili siku nzima, na maumivu ya bega ni malalamiko ya kawaida sana kwa watumiaji wa muda mrefu. Bandubandu huisha gogo. Aliyepoteza miguu kwa ajali hupoteza na mikono kwa mazoea, na hapo hakuna wa kulaumiwa, maana alizoea mwenyewe.

Mfano wa pili ni breki. Mara nyingi mgeni wa kiti huamini kwamba breki ni za kupunguza mwendo. Akiteremka mteremko huivuta moja, gurudumu moja hukwama, kiti huzunguka na kumtupa. Breki za kiti mwendo ni za kuegeshea. Mwendo hupunguzwa kwa viganja, ringi ikiachwa ipite mkononi kwa msuguano unaolingana kulia na kushoto, huku mwili ukiegemea nyuma. Somo hilo huchukua dakika chache. Kujifunza kwa kuzoea huchukua meno ya mbele.

Lakini mahali ambapo kauli ya "atazoea" huwa hatari kweli ni kwenye ngozi. Kuzoea hutegemea maumivu: mtu akiumia, hujirekebisha. Aliyekatika uti wa mgongo mara nyingi hana hisia kwenye makalio, kwa hiyo mwalimu huyo, maumivu, hayupo kazini. Anaweza kukaa tangu asubuhi hadi magharibi akiwa na furaha, huku damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kiti. Kidonda cha mgandamizo mara nyingi huanza kama doa jekundu au jeusi lisiloondoka, kisha huchimba kuelekea mfupani, na uambukizo wake unaweza kuua. Kinga yake ni ratiba, na ratiba hufundishwa. Hata namna ya kupumzisha makalio ina siri yake: watu wengi huonyeshwa kujiinua kwa mikono kwa sekunde kadhaa, ilhali vipimo vimeonyesha kwamba ngozi huhitaji takriban dakika mbili ili damu irudi vizuri. Ni wachache wawezao kujining'iniza dakika mbili, tena kwa mabega yaleyale yanayopaswa kutunzwa. Kuinama mbele, kifua kikielekea magotini, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kunafanya kazi hiyo bila gharama. Hakuna mazoea ya kumfikisha mtu kwenye ujuzi huu. Ama anaambiwa, ama anaoza.

Ajabu ni kwamba jamii hii hii haiamini katika "kuzoea" kwa chombo kingine chochote. Mtoto akinunuliwa baiskeli, kaka yake hukimbia nyuma akishikilia tandiko mpaka apate mizani. Ni mtu mzima aliyevunjika uti wa mgongo tu anayeonekana hahitaji wa kumshikilia.

Pili: "Yupo wa kumsukuma"

Hoja hii huwasilishwa kama upendo, na upendo upo. Lakini nguvu kazi yake hutoka kwa nani? Kwa kawaida hutoka kwa mke, mama, au binti ambaye shule yake ndiyo rahisi kuahirishwa. Kila safari ya zahanati, sokoni au msikitini huhitaji watu wawili, na siku ya yule wa pili haihesabiwi popote katika bajeti ya mfadhili. Kiti kilichotolewa bure hugeuka kuwa kiti chenye mshahara usiolipwa.

Anayesukumwa naye hulipa. Hasimami anapotaka kusalimia mtu. Husimama msukumaji anapochoka. Muuza duka humuuliza msukumaji, "Anataka nini huyu?" Akibaki nyumbani peke yake, kiti kiko umbali wa mita moja kutoka kitandani na hakimfai kitu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuhama. Kuhama kwenyewe hakuhitaji misuli ya mpiganaji. Kiti husogezwa ubavuni mwa kitanda kwa pembe kidogo, kikarudishwa nyuma kidogo ili magurudumu madogo yatazame mbele na kiti kisipinduke, breki zikafungwa, miguu ikashushwa chini. Kisha mtu husogea ukingoni, huweka mkono mmoja kitandani na mwingine kitini, na kuinamisha kichwa upande ulio kinyume na anakokwenda. Kichwa kikishuka kushoto, makalio huinuka kuelekea kulia. Wanaoonyeshwa kanuni hiyo ya kichwa na makalio hushangaa jinsi mwili unavyokuwa mwepesi. Wasioonyeshwa hubebwa kwapani kama gunia, mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na kwa mgongo wa nani?

Na kusukuma nako ni ujuzi. Msaidizi asiyejua hushuka ukingo wa barabara akimtanguliza mtu mbele, kiti kikamwaga abiria wake lamini. Ajuaye hugeuza kiti, magurudumu makubwa yakashuka kwanza taratibu. Asiyejua hunyanyua kiti kwa kushika sehemu za kuwekea mikono, ambazo kwenye viti vingi huchomoka. Kwa hiyo hata mwenye kung'ang'ania kwamba ndugu watasukuma hajakwepa somo. Ameongeza mwanafunzi.

Tatu: "Barabara hazifai"

Hii ndiyo hoja inayopendwa zaidi, na ndiyo iliyopinduka zaidi. Anayeteleza kwenye sakafu ya vigae ya jengo la kisasa lenye lifti anaweza kuishi na stadi chache. Anayehitaji stadi nyingi ni mkazi wa mitaa kama Manzese (Dar es Salaam), Kisauni (Mombasa) au Ng'ambo (Zanzibar), ambaye kati ya mlango wake na kituo cha daladala au matatu kuna kizingiti, mtaro, kifusi na mchanga. Kusema kwamba njia mbovu inaondoa haja ya ujuzi ni kusema kwamba bahari ikichafuka nahodha hahitajiki.

Mchanga utazamwe kwanza. Magurudumu madogo ya mbele hubeba uzito na kuzama, na kila msukumo huyazamisha zaidi. Aliyefundishwa hufanya moja kati ya mambo mawili. Huweza kugeuza kiti na kujivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia na madogo yakiburutwa bila uzito mwingi. Au hunyanyua magurudumu ya mbele na kwenda kwa yale ya nyuma peke yake.

Kunyanyua huko ndiko watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, hukuita michezo ya vijana. Hakuna stadi iliyodharauliwa kwa ujinga mkubwa kuliko hii. Kizingiti cha mlango, ufa wa zege, mzizi wa mwembe, vyote hushindwa kwa kunyanyua magurudumu madogo kwa sekunde moja tu. Mtu hukaribia taratibu, huegemea nyuma, huvuta ringi kidogo kinyume kisha huisukuma mbele kwa ghafla. Magurudumu madogo hupaa na kutua juu ya kizingiti. Hapo hapo mwili huinamishwa mbele na magurudumu makubwa hufuata. Asiyejua hukigonga kizingiti, kiti husimama, mwili huendelea na safari.

Kusimama kwa magurudumu mawili kwa muda mrefu zaidi ni hatua ya pili, na ina mantiki ambayo mwili wenyewe hauikisii. Mtu akihisi anaanguka mbele, husukuma ringi mbele. Akihisi anaanguka nyuma, huvuta ringi nyuma na magurudumu madogo hushuka. Silika hufanya kinyume: anayeanguka nyuma huachia ringi na kurusha mikono hewani. Ndiyo maana hufundishwa mwalimu akiwa nyuma, mikono karibu na vishikio vya kiti, na mkanda imara uliofungwa kwenye fremu mkononi mwake, ili kiti kisifike chini hata mwanafunzi akikosea. Na hufundishwa pamoja na kuanguka: kidevu kifuani ili kisogo kisipige sakafu, mkono mmoja uzuie magoti yasiupige uso, wala mkono usinyooshwe nyuma kujikinga, kwa sababu utavunjika. Somo la kuanguka hufanyika juu ya godoro. Karibu kila nyumba ina godoro.

Ipo faida nyingine isiyosemwa hapa. Mafunzo hufichua viti vibovu. Kiti kikiwa kipana mno, mikono hutanuka kama mabawa na msukumo huishia hewani. Ekseli ikiwa nyuma mno, magurudumu ya mbele hayanyanyuki hata kwa mwenye nguvu. Mwongozo ule wa Marekani unataka ekseli iletwe mbele kadiri mizani inavyoruhusu, na mkono ukiwa juu ya ringi kiwiko kikunjike kwa nyuzi kati ya 100 na 120. Viti vingi vinavyogawiwa ni vile vya chuma vya kukunja, vya kipimo kimoja, vinavyofaa kumsafirishia mgonjwa kwenye korido ya hospitali. Mtumiaji aliyefundishwa hugundua siku ya pili kwamba kiti hakimfai, naye husema. Asiyefundishwa hudhani udhaifu ni wake, hunyamaza, kiti huishia uani kikianikiwa nguo, na ukimya wake huandikwa kwenye ripoti kuwa ni kuridhika.

Nne: "Jengeni njia kwanza"

Hoja hii hutoka upande mwingine, kwa wanaharakati wa haki za watu wenye ulemavu wenyewe, na inastahili heshima zaidi ya zile nyingine. Inasema kumfundisha mtu kupanda vizingiti ni kumwajibisha yeye kwa kosa la mjenzi; jengo ndilo lenye ulemavu, lirekebishwe.

Jengo lirekebishwe, naam. Lakini hesabu yake ijulikane. Mteremko unaopendekezwa kwa kawaida ni wa uwiano wa 1 kwa 12, kwa hiyo vidato vitatu vya sentimita 15 huhitaji mteremko wa mita 5.4. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mita hizo zinaishia barazani kwa jirani wa mbele. Hata palipojengwa vizuri, ujuzi haustaafu. Vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vina majukwaa yaliyoinuliwa kufikia usawa wa mlango wa basi. Bado kuna mwinuko wa kulifikia jukwaa, ambao asiyejua kuinamisha kifua mbele ataupanda akirudi nyuma, na kuna mwanya kabla ya mlango, ambao magurudumu madogo huupenda sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 haukulazimisha kuchagua. Kifungu cha 9 kinadai majengo na usafiri unaofikika. Kifungu cha 20 kinadai mafunzo ya stadi za kujongea, kwa watu wenye ulemavu na kwa watumishi wanaowahudumia. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Vifungu vyote viwili viliridhiwa kwa kalamu moja.

Tano: "Hakuna walimu, hakuna fedha"

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa utoaji wa viti mwendo kwa ajili ya mazingira yenye rasilimali chache. Mwongozo huo una hatua nane: rufaa, tathmini, uchaguzi wa kiti, ugharamiaji na uagizaji, utayarishaji, upimaji mwilini, mafunzo kwa mtumiaji, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Mafunzo ni hatua ya saba. Mwaka 2012 shirika hilo lilitoa pia mtaala wa ngazi ya msingi kwa watoa huduma. Yaani walioandika kwa ajili ya maskini hawakuona mafunzo kuwa anasa. Walioona hivyo ni wagawaji, ambao kwa kawaida huruka kutoka hatua ya nne hadi kwenye picha ya pamoja.

Wataalamu nao hawakosekani kabisa. Mjini Moshi, Tanzania, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kilichokwisha kufundisha mafundi wa viti mwendo kutoka nchi mbalimbali. Nchini Kenya, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, limekuwapo tangu 1958. Ni kweli hawatoshi. Lakini hoja ya uhaba huu hudhani kwamba mwalimu lazima awe na koti jeupe, na hapo ndipo inapoanguka. Nchini Sweden, kikundi cha Rekryteringsgruppen kilianza mwaka 1976 kwa kanuni kwamba anayemfundisha mtumiaji mpya ni mtumiaji mzoefu. Shirika la Uingereza liitwalo Motivation, lililoanzishwa mwaka 1991, mmoja wa waasisi wake akiwa David Constantine, ambaye mwenyewe hutumia kiti mwendo, limefuata njia hiyohiyo ya rika kufundisha rika katika nchi maskini. Mtumiaji mzoefu hufundisha jambo ambalo hakuna mtaalamu wa viungo anayeweza kulionyesha kwa mwili wake: kwamba inawezekana. Anajua choo cha shimo kinavyoingiwa, bajaji inavyopandwa, na kondakta anavyojibiwa.

Vifaa vyake ni mkanda, mbao mbili za kuigiza kizingiti, rundo la mchanga, godoro, na ukuta wa kuegemea. Kwa matengenezo kuna fundi baiskeli wa mtaa, mwenye pampu, viraka, spana ya spoku na grisi ya gololi. Mtumiaji akifundishwa kumweleza tatizo, kiti hudumu. Linganisha orodha hiyo na gharama za hafla ya makabidhiano: hema, viti vya plastiki, vipaza sauti, maji ya chupa, posho, fulana zenye nembo. Fedha zipo. Zimekalishwa meza kuu.

Hoja ya kwamba shilingi ya mafunzo inapunguza idadi ya viti nayo ihesabiwe mpaka mwisho. Viti kumi vinavyoanikiwa nguo si vingi kuliko viti saba vinavyokwenda sokoni. Wizara, mashirika na wafadhili wanaopokea maombi ya viti mwendo wadai ratiba ya mafunzo, jina la mkufunzi na tarehe ya ufuatiliaji katika kila ombi, na mgao usio na vitu hivyo uandikwe kwenye vitabu kama kazi ambayo haijakamilika. Mtumiaji mpya naye, kabla ya kutia sahihi ya kupokea, aulize nani atamfundisha na lini. Hilo si utovu wa shukrani; ni hatua ya saba.